Anayetembea na Mbwa Wako Si Wewe

Kuna ushauri unaozunguka siku hizi katika mitaa mipya ya Ruiru na Thika, kuanzia Membley hadi Ngoingwa: ukitaka mwili uwe na afya, fuga mbwa. Utausikia kwenye kikao cha chama, kwenye kipindi cha redio cha asubuhi, na kwa jirani aliyetoka kliniki akiambiwa presha imepanda. Wanaoutoa hawana nia mbaya. Lakini ushauri wenyewe ni mbaya, na kadiri unavyorudiwa ndivyo unavyofunika mambo ambayo mwenye mbwa katika miji hii alipaswa kuambiwa kwanza. Nitaueleza kwa haki, jinsi wenyewe wanavyoueleza, kisha niujibu hoja kwa hoja.

Wanasema hivi. Mbwa hana siku ya mapumziko. Mvua inyeshe au jua liwake, lazima atembee, na anayemfuga hana budi kutembea naye. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nusu saa na mbwa kwa siku tano inakufikisha kwenye kiwango cha chini. Jimu inadai ada kila mwezi, mbwa hadai. Isitoshe, kumpapasa mbwa hutuliza moyo, mpweke hupata mwenzake, na watoto hutoka nje kucheza badala ya kukodolea simu. Tena wana utafiti mkononi. Mwaka 2017 wanasayansi wa Uswidi walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya milioni 3.4 kwa miaka 12. Waliona kwamba miongoni mwa watu wanaoishi peke yao, wenye mbwa walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasio na mbwa. Mwaka 2019 utafiti mwingine, wa West Cheshire nchini Uingereza, ulionyesha kwamba wenye mbwa walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kutimiza kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa.

Hesabu hizo sizipingi. Ninachopinga ni kuzichukua jinsi zilivyo na kuzishusha Kihunguro au Makongeni, kana kwamba mbwa wa huko na wa huku wanaishi maisha mamoja.

1. Mbwa aliyepimwa Uswidi si mbwa wa geti

Ule utafiti wa Uswidi uliwezekana kwa sababu moja ya kiserikali: tangu 2001 sheria ya nchi hiyo inataka kila mbwa aandikishwe. Watafiti walichukua daftari la mbwa na daftari la wagonjwa, wakayalinganisha. Hapa kwetu, Kaunti ya Kiambu, hakuna anayeweza kukuambia tuna mbwa wangapi, wa nani, wamechanjwa lini. Mwenye kutumia takwimu za Uswidi anapaswa kwanza kuangalia ni mpangilio gani wa maisha uliozizaa.

Mbwa wa mjini Uswidi anaishi ndani ya nyumba, mara nyingi ghorofani. Asipotolewa nje atajisaidia sebuleni. Hicho ndicho kinachomnyanyua mwenye mbwa kitandani wakati wa baridi kali, na hicho ndicho kilichopimwa. Mbwa wa Ruiru ana ua. Anajisaidia nyuma ya tangi la maji, na mwenye nyumba hana shida yoyote inayomlazimisha kutoka. Ukiondoa lile hitaji, matembezi yote yanabaki kutegemea hiari ya mtu, na mtu aliyekuwa na hiari ya kutembea angekuwa anatembea tayari.

Kisha tazama kazi tuliyompa mbwa huyu. Getini kuna kibao cha MBWA KALI. Mchana kutwa amefungiwa kwenye kibanda cha mbao na wavu, urefu wa hatua mbili tatu, bati juu, na sufuria ya ugali uliochanganywa na matumbo pembeni. Saa tatu au saa nne usiku anafunguliwa azunguke ua. Waulize wengi wa wafugaji kwa nini hawamtoi, na watakujibu bila kusita: akizoea watu atakuwa laini. Hapo ndipo hoja nzima inapovunjika. Mlinzi mnayemtaka asizoee sura ya mtu ndiye huyo huyo mnayetuambia atamtembeza mwenye nyumba barabarani katikati ya watoto, wauza mboga na bodaboda. Mbwa mmoja hawezi kulelewa kwa chuki ya wageni usiku na kwa urafiki wao asubuhi. Mwenye mbwa lazima achague, na wengi wetu, kwa sababu ya wezi, tulikwisha kuchagua.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda takwimu hawalitaji. Tafiti zile ziliangalia watu waliokuwa na mbwa tayari. Hazikumpa mtu mbwa kisha zikasubiri moyo wake uimarike. Mtu mwenye nguvu, mwenye muda na anayependa kutembea ndiye mwepesi wa kufuga mbwa. Mgonjwa wa magoti hujiepusha. Kwa hiyo afya inaweza kuwa ndiyo iliyoleta mbwa. Chama cha Moyo cha Marekani kilipotoa tamko lake kuhusu wanyama wa nyumbani mwaka 2013, kilikubali kwamba huenda mbwa wana uhusiano na moyo wenye afya, na papo hapo kikaonya kwamba mtu asichukue mnyama kwa lengo kuu la kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Onyo hilo halijafika Thika. Lililofika ni nusu ya kwanza tu.

2. Saa za kutembea na mbwa ziko wapi?

Mkazi wa Ruiru anayefanya kazi Nairobi huamka saa kumi usiku, na saa kumi na moja gari lake liko barabarani au yeye yuko ndani ya matatu. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012 ili kuondoa foleni, na kwa muda iliiondoa. Kisha mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, nyumba zikaota, na sensa ya 2019 ikakuta mji wa Ruiru una watu zaidi ya 490,000. Foleni imerudi, na pamoja nayo zile saa mbili za kwenda na mbili za kurudi. Jua letu huzama saa kumi na mbili u nusu, mwaka mzima. Mwenye mbwa anatoka nyumbani gizani na anarudi gizani, kwenye mtaa ambao aliufugia mbwa kwa sababu aliogopa giza lake.

Sasa nani anatembea na mbwa? Katika mitaa yenye uwezo jibu linapita mbele yako kila asubuhi. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa viatu vya mpira vya shamba, ameshika minyororo miwili mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, na rotwaila wawili wanamkokota kuelekea mtaroni. Niliwahi kumsimamisha mmoja wao karibu na Kimbo.

“Mbwa wazuri hawa. Ni wako?”

“Zii, mzee. Ni wa mdosi.”

“Na yeye huwatembeza lini?”

“Yeye huwaona Jumapili.”

Dakika 150 za wiki zinatimia kweli, ila zinatimia kwenye miguu ya mtu ambaye hakuhitaji kuongezewa kazi ya miguu. Kijana huyu ameteka maji, amekata nyasi, ameosha gari, na ataendelea hadi usiku. Moyo wake hauna shida ya kukaa kitako. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba ni asilimia 6.5 tu ya Wakenya wazima waliokuwa na upungufu wa mazoezi. Katika uchunguzi huo huo, zaidi ya robo ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi, na karibu robo walikuwa na shinikizo la damu. Yaani taifa linatembea na bado presha inapanda, kwa sababu ya chumvi, mafuta, sukari, pombe na tumbaku, na kwa sababu ya mboga na matunda ambayo wengi hawali ya kutosha. Mbwa haponyi sahani.

Ukweli mchungu zaidi ni kwamba kijana yule ndiye wa kwanza kung'atwa. Ndiye anayefungua kibanda, anayesukuma sufuria ndani, anayewaachanisha mbwa wakipigana. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Waulize wenye mbwa wa mtaani kwenu ni wangapi waliomkatia bima mtu anayelisha mbwa wao. Mbwa amenunuliwa kwa maelfu ya shilingi na ana daktari. Anayemshika kamba, akiumia, anapewa nauli ya kwenda hospitali na siku mbili za kupumzika bila malipo. Usiniambie hiyo ni njia ya familia kupata afya.

3. Barabara zetu hazikujengwa kwa mtu na kamba

Hili litanichukua muda mfupi, maana kila mtu analiona. Ndani ya mitaa mingi hakuna njia ya miguu. Upande wa Kamakis na Juja udongo ni mweusi wenye kunata, upande wa Thika ni mwekundu, na msimu wa mvua ukifika wote wawili ni tope hadi kwenye vifundo. Bodaboda wanapita popote penye nafasi. Penye nyama choma pana mifupa, na penye mifupa pana mbwa koko. Ukipita na mbwa wako kwenye kamba, kundi zima linakuja kumkagua, na wewe uko katikati.

Sehemu za wazi ambazo zingefaa hazikubali mbwa au ziko mbali. Ol Donyo Sabuk, mlima unaoonekana kutoka Thika, ni hifadhi ya taifa, na mbwa haingii hifadhini. Msitu wa Karura unaruhusu mbwa wenye kamba, lakini uko Nairobi. Mtu wa Ruiru ataendesha gari kwenye foleni ile ile ili akatembee.

Hata penye njia nzuri, kamba ina gharama zake. Watafiti wa Marekani walihesabu watu wazima zaidi ya 420,000 waliofika kwenye vyumba vya dharura kati ya 2001 na 2020 kwa majeraha ya kutembea na mbwa waliofungwa kamba. Kilichoongoza ni kuvunjika kidole, kisha kuumia ubongo, kisha kuteguka bega, na robo tatu ya majeruhi walikuwa wanawake. Hiyo ni nchi yenye njia za miguu. Mama wa miaka sitini aliyeambiwa afuge jamani shefadi ili magoti yake yalegee anapaswa kuijua habari hiyo kabla hajaenda kununua mnyororo.

4. Afya ya mwenye mbwa haikomei getini kwake

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na nitakaa hapa.

Wale wanaosema mbwa ni afya huhesabu moyo wa mtu mmoja tu, yule aliye ndani ya ua. Mtoto anayepita nje ya ua hayumo katika hesabu yao. Fikiria asubuhi ya kawaida. Saa kumi na moja geti linafunguliwa ili gari litoke. Mbwa bado yuko huru, hajarudishwa kibandani. Gari linatoka, na mbwa anapenya nyuma yake. Aliye ndani anafunga geti, anajua mbwa atarudi akisikia njaa. Saa kumi na mbili na robo watoto wa chekechea na wa darasa la kwanza wanaanza kupita, begi mgongoni, wengine hawana mtu mzima. Wanakutana na mnyama aliyelelewa achukie kila asiyemjua, ambaye usiku kucha alikuwa kazini. Mimi nimeshuhudia watoto wakigeuza njia na kuzunguka mtaa mzima ili wasipite mbele ya geti fulani. Nao wanatembea, ndiyo. Lakini hakuna mzazi atakayeyaita hayo mazoezi.

Kila jino linaloingia mwilini mwa mtu katika nchi hii linaleta swali moja: je, mbwa huyu ana kichaa? Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mwaka 1912, kwa mbwa, viungani mwa Nairobi, na haujawahi kuondoka. Duniani unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika visa 99 kati ya 100 vya binadamu aliyeuleta ni mbwa. Asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, tiba hakuna, mgonjwa anakufa. Kati ya kung'atwa na dalili hupita kwa kawaida miezi miwili au mitatu, na katika muda huo kidonda kimepona, mtoto anacheza, na wazazi wamesahau.

Kinachomwokoa ni mambo mawili, na ninayaandika kwa sababu sijamsikia hata mshauri mmoja wa “mbwa ni afya” akiyataja. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka mafuta ya taa, bila pilipili, bila jiwe jeusi. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa sindano za chanjo: siku anapofika, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Akiwa na jeraha baya anahitaji pia dawa ya kingamwili inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Piga hesabu ya mama anayeuza nguo za mitumba Githurai: safari tano, siku tano za biashara zilizopotea, na chanjo ambayo hospitali za umma huishiwa, akalazimika kuinunua dukani. Wakati huo huo chanjo ya mbwa ni sindano moja kwa mwaka, kwa mia chache za shilingi, na wakati wa kampeni hutolewa bure. Aliyeokoa mia chache amemrundikia jirani yake maelfu.

Serikali inalijua hili. Mkakati wa kutokomeza vifo vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa ulitolewa mwaka 2014, ukilenga 2030. Msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mbwa hufa mapema na kuzaa haraka, na chanjo ya mwaka jana haimlindi kijibwa wa mwaka huu. Ng'ambo ya Mto Athi, kule Machakos, watafiti wa Kikenya waliokwenda kijiji kwa kijiji miaka ya 1990 walikuta visa vingi mno kuliko vilivyokuwa kwenye rekodi rasmi. Ugonjwa ulikuwepo, wa kuuhesabu ndiye aliyekosekana. Sina sababu ya kudhani Kiandutu au Mwihoko ni tofauti.

Na si meno peke yake. Kinyesi cha mbwa asiyepewa dawa ya minyoo kina mayai yanayoweza kukaa udongoni miezi kadhaa, na udongo huo ndio uwanja wa watoto wetu. Wafugaji wengi huchukua mabaki ya machinjioni kwa sababu ni rahisi. Mapafu na maini ya mbuzi na kondoo yakiliwa mabichi humpa mbwa tegu, na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu huota vifuko vya maji kwenye ini na mapafu yake. Turkana wameuona ugonjwa huo kwa kiwango cha kutisha, hadi AMREF ikaanzisha mpango maalumu wa kupambana nao mwaka 1983. Chemsha nyama unayompa mbwa wako. Ni jambo dogo, na linafanya zaidi kwa afya ya nyumba yako kuliko kilomita tatu za asubuhi.

5. Mazoezi ya bure yasiyo ya bure

Jimu inadai ada, mbwa hadai, wanasema. Mbwa mkubwa wa kilo 35 au 40 anahitaji karibu nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku; kwa mwezi ni kama gunia dogo la kilo 15 kutoka agroveti. Weka chanjo ya kichaa, chanjo ya paavo, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, dawa ya kupe, kibanda, na mshahara wa anayemhudumia. Asiyeweza hayo yote anampa mbwa ugali mtupu, na mbwa wa ugali mtupu anakonda mbavu au anavimba tumbo, anapata upele, na mwisho anatupwa usiku karibu na soko. Huko anazaa. Mbwa koko wengi wa miji yetu wametokana na watu waliopenda wazo la mbwa kuliko walivyoweza kumtunza.

Kuhusu utulivu wa moyo, nitasema tu kwamba usingizi pia ni dawa ya moyo. Mbwa aliyefungiwa saa kumi na nne akiachiliwa usiku habweki kwa sababu ya mwizi pekee. Anabwekea paka, pikipiki, mbwa wa ploti ya pili, na upepo. Mwenye nyumba amezoea. Muuguzi wa zamu anayepanga chumba upande wa pili wa ukuta hajazoea, wala mwanafunzi anayesubiri mtihani wa KCSE.

6. “Lakini wangu amechanjwa, na ninatembea naye mwenyewe”

Wapo. Nawajua wawili watatu, na makala haya hayawahusu, isipokuwa kwa jambo moja: waache kuwaambia majirani kwamba mbwa ndiye aliyewapa afya. Waseme ukweli wote. Waseme kwamba wana kazi ya karibu, au wamestaafu, au wanaishi ndani ya mtaa wenye ukuta na njia ya miguu. Waseme wanalipa daktari wa mifugo, wana kadi ya chanjo yenye tarehe ya mwaka huu, na mbwa wao alifundishwa tangu akiwa mdogo kuzoea watu. Mwenye presha anayesikia habari hiyo yote ataweza kuamua kama maisha yake yanafanana na yao. Anayesikia “fuga mbwa” peke yake atakwenda kununua kijibwa kando ya barabara, asiye na kadi, na baada ya miezi sita atakuwa na mnyama wa kilo thelathini anayemwogopa.

Anayetaka kutembea atembee. Ashuke matatu kituo kimoja kabla ya kwake. Jumamosi asubuhi, kabla magari hayajaamka, apite njia za mashamba ya kahawa yaliyosalia, na miguu yake miwili. Hahitaji ruhusa ya mnyama, wala mnyama hapaswi kubebeshwa mzigo wa kuwa kisingizio.

Na anayetaka mbwa wa kumlinda amfuge, kwa masharti ambayo jirani anaweza kuyakagua: geti linalofunguliwa mbwa akiwa kibandani, kibanda ambacho mbwa anaweza kugeuka na kukimbia ndani yake, mchana wenye saa kadhaa za kuwa huru uani, sindano ya kila mwaka, na bima ya anayemlisha. Kaunti nayo isingoje Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili ipige picha na mbwa wenye kola nzuri. Timu za chanjo ziende Kiandutu, Githurai na Kiganjo wakati wa likizo za shule, maana mitaani humo wanaowajua mbwa, wanaoweza kuwaita kwa majina na kuwashika bila kung'atwa, ni watoto.